Lumbesa

Miaka kumi na minne napima viazi Uyole.
Gunia likija limevimba kichwani, limevishwa kilemba cha kamba,
mimi ndiye ninayesema: Shusha. Fungua. Hiyo lumbesa.
Madalali wananijua. Wananiita Msumari,
namba nikishaigonga haing'oki.

Ikaja Julai, baridi ya kukata masikio,
magoti yakanigomea kwenye ngazi za zahanati.
Nesi Tumpe akanipandisha kwenye mizani yake,
kimizani cha kupimia kuku, nilidhani,
akasoma taratibu: mia moja na nane.
Hakunisema. Alinipa daftari la shule.
"Kila kinachoingia mdomoni, Karani.
Na kila hatua inayotoka miguuni."

Nikaandika. Mwandiko wangu mzuri, kila mtu anausifu:
Asubuhi, chai, kikombe kimoja.
Mchana, wali na maharage, sahani moja.
Jioni, ndizi, mboga za majani.
Mazoezi: Loleza, kupanda na kushuka.
Nikajumlisha kalori kwa kalamu nyekundu
kama ninavyojumlisha mzigo wa Ambakisye
lori likiwa tayari linanguruma.

Mwezi ukaisha. Mia moja na tisa.

Nikasema mizani mbovu.
Nikasema ni koti. Nikasema ni maji.
Nikasema kwetu Rungwe tuna mifupa mizito,
hata marehemu baba alibebwa na watu kumi.

Aliyenikamata ni Mama Atuganile,
anayepika nyuma ya banda la mizani.
Alilichungulia daftari huku anapakua.
"Sahani moja?" akacheka mpaka mwiko ukadondoka.
"Karani, mume wangu analima Igoma.
Tangu uwabane madalali, tumeezeka bati.
Mimi nikikupakulia nashindilia,
kisha naweka kilemba juu, kisha mchuzi wa shukrani.
Unaandika sahani moja?
Hata dalali huandika gunia moja."

Nilirudi bandani. Sikula siku ile.
Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye matairi.

Kikombe kimoja, ndiyo: kile cha lita, chenye ua jekundu,
sukari vijiko vinne, maziwa ya mtindi wa kuonja pembeni.
Mboga za majani, ndiyo, zikielea
kwenye mafuta ambayo sikuwahi kuyaandika
kwa kuwa mafuta, nilijiambia, si chakula, ni njia ya kupikia.
Parachichi la Jumapili sikuliandika, lilidondoka lenyewe.
Wala pilau ya msibani, niliila nimesimama.
Na Loleza! Loleza niliishia kwenye mikaratusi ya kwanza,
nikakaa juu ya jiwe, nikautazama mji,
nikateremka na bajaji.
Simu mfukoni ikahesabu mashimo ya barabara
kuwa hatua zangu, elfu sita mia mbili,
nami nikazinakili kwa mwandiko mzuri.

Kesho yake nikabeba kile kimizani cha mbegu
mpaka kwa Mama Atuganile, nikakiweka mezani
mbele ya wapagazi, wanaangalia, wanakohoa kicheko.
Nikasema: Shusha. Fungua.
Aliununa wali ule kijiko kwa kijiko
kana kwamba namrudishia bati zake.
Mpaka leo amenipunguzia sahani, hajanipunguzia bei.

Nesi Tumpe jana amesoma mia moja na sita na nusu.
Ile nusu nilitaka aiache.
Akaiandika.

Nami usiku, blanketi mabegani, kalamu nyekundu:
Jumanne. Wali, gramu mia mbili. Mafuta, kijiko kimoja, nimekipima.
Loleza, mpaka kwenye jiwe. Kurudi kwa miguu.
Karanga, kiganja kimoja.

Hapana.

Viwili.