Bwawa Lapandishwa Daraja

Mhandisi Nasambu alifika Mwakirunge Jumanne,
buti za mpira, utepe wa kupimia, fomu ya kurasa nne.
Akapanda tuta kama mtu apandaye ngazi za wenyewe:
hatua, kisha samahani.

Kimo: mita sita na kitu.
Mjenzi: Nyawa wa Chirima, marehemu, baba yangu,
kwa trekta ya kukodi
na ng'ombe wanane wa kushindilia udongo.
Mwaka: akaandika "haujulikani".
Unajulikana, nikamwambia.
Ni mwaka niliong'oka meno ya mbele.

Akachutama kwenye nyayo za tuta,
pale majani yanapokaa mabichi hata kiangazi,
akakinga gilasi.
"Yakitoka meupe, tuta linatoka jasho tu.
Yakitoka na tope, linajila.
Siku hiyo usinipigie simu. Piga mayowe."

Mwarobaini wa mama ukatwe, alisema,
mizizi ikioza huacha mabomba gizani.
Shimo la kenge lizibwe.
Mkondo wa kumwagia maji, uliomezwa na magugu,
ufyekwe hadi uonekane una nia.
Methali ya ufa naijua tangu utoto.
Haikunitajia kenge.

Nikatoa cheti cha baba
kutoka mkebe wa biskuti:
HATARI NDOGO, muhuri wa zambarau.
Je, bado?

Hakujibu. Aliyapa maji kisogo,
akatazama bondeni,
akaanza kuhesabu mabati.

Thelathini na moja. Na chuo cha Kurani. Na kinu cha kusaga.

Baba alipojenga, huko chini kulikuwa na nyani
na mkonge uliosahauliwa na mzungu wake.
Kisha nikafaulu mtihani.
Karo ya kidato cha kwanza ni pale kwa Mejumaa,
penye mlango wa buluu.
Cha pili ni kinu.
Cha tatu, mwaka wa ukame, ploti mbili kwa bei ya moja.
Mimi nimelisoma bonde lile darasa kwa darasa.

"Kwa hiyo tuta limechakaa?"
"Tuta ni lile lile. Daraja halipimi udongo.
Linapima nani amelala chini yake."
Akaandika KUBWA,
akapulizia wino ukauke.

Sheria yataka orodha ya simu za dharura.
Nikashuka mlango kwa mlango na daftari:
hamjambo, mimi ndimi maji yaliyo juu yenu.
Mwenye kinu alicheka: bwawa limepandishwa cheo,
mbona hatujaletewa soda?
Mkewe hakucheka. Alinipa namba mbili,
yake, na ya mwanawe aliye mzito wa usingizi.

Kenge amehama. Magugu nimefyeka nusu.
Mwarobaini bado. Kila nikinoa shoka
nakumbuka homa ya mtu fulani. Nitaukata. Wiki ijayo.

Masika yameingia kwa kishindo.
Usiku nashuka na tochi, na gilasi ile ile
aliyoisahau, au aliyoniachia,
nakinga, nainua kwenye mwanga.
Mlango wa buluu unafunguka kidogo.

"Mbodze! Rangi gani?"

Nangoja kwanza, itulie.

"Meupe!"

Mlango unafungwa.
Nabaki nimeishika gilasi,
mvua ikiongeza yake humo ndani.