Rangi ya Kwanza

Cheyo, Tabora. Datsun ya mbio, milango miwili.
Msasa unakula nyeupe, unakula kijani
ya yule wa mashine ya kukoboa, unakula kutu,
mpaka nyuma ya bawaba: upana wa kidole,
rangi ya kwanza, samli iliyoganda.

Mwenye gari kasema: kama ilivyotoka kiwandani.
Nati kwa nati.
Taa nimezipata kwa bei ya ng'ombe watatu.

Ila kirungu cha gia hiki ni mninga,
kilichongwa karakana ya reli
mwaka vipuri vilipoadimika,
tumboni herufi mbili: M.K.
Mihayo Kapela.
Baba.

Kitabu kinasema plastiki nyeusi.
Imeagizwa, imefika, nimeifunga.

Nimeifungua.

Kesho saa nne mwenyewe anakuja na kitabu chake.
Plastiki ingali mfukoni mwangu,
imeshapata joto.