Kwa Tugdual, Kitanda cha Dirishani

Uliniuliza jana, dripu mkononi,
kama ni kweli: mwani ule ule.
Ule uliochubua vidole vya mama,
ambao nzi wake walitufuata hadi kanisani.
Babu aliuchoma mashimoni pale Plouguerneau,
akauza majivu kwa watu wa madini joto.
Wewe uliung'oa kwa kulabu ya mashua
miaka thelathini na mmoja, ukauza kwa tani,
wakautia kwenye aiskrimu isiyeyuke upesi.

Basi nisikilize mimi, dada yako mwosha vioo vya maabara.

Tunauchemsha. Unatoa ute, ule ule
uliokuangusha gatini siku ya harusi yako.
Tunauchuja, tunaukausha, unabaki unga
wa rangi ya chai iliyolala.
Chembe yake tunaidondosha kisahanini
penye seli za kinga, zimejilalia
kama walinzi wa benki saa nane za usiku.
Na hapo, Tugdual, zinaamka.
Nimeziona kwenye darubini:
zinavimba, zinachomoza vikonyo, zinaitana,
zinaizingira seli ya saratani
iliyokuwa ikizipita kila siku imevaa sare ya wizi,
zinaitoboa.

Kahawa yangu ilipoa nikiwa nimeinama.

Lakini kisahani si wewe.
Kisahani hakina ini, hakina hofu,
hakivuti sigara kwa siri dirishani.
Bi Kerbrat alijaribu kwa panya kumi na wawili:
saba, uvimbe wao ulinywea.
Watano niliwatia mfukoni mwenyewe,
nikafunga fundo, nikanawa mikono mara mbili.
Na kutoka panya hadi mtu
kuna maji ambayo hatujayapima kina.

Kwa hiyo usinywe ule mchuzi wa Soazig,
hata akikuapia kwa watakatifu wote wa Bretania.
Kunywa dawa ya daktari, ile inayokutapisha.
Sikudanganyi. Ulinifundisha mwenyewe
kwamba anayedanganya kuhusu bahari
huwazika wenzake.

Ila nakuomba jambo.
Bamvua la Machi, maji yakipwa hadi miamba ya nje,
nahitaji kilo sita za mwani mpya, wa majani mapana,
na wale vijana wa Lanildut wanakata ovyo.
Njoo unikatie.
Au njoo tu ukae kwenye ndoo, blanketi mabegani,
unitukane nikishika mundu kwa mkono usio wake.