Msimu wa Pumba

Zilikuja ndani ya belo la makoti ya watoto
kutoka Mlango Mmoja, Jumamosi ya mvua:
mbao mbili ndefu, za bluu iliyochunika,
ncha zimepinda juu kama pua za wenye kiburi.
Shangazi Nyanjige alidai arudishiwe pesa.
Muuzaji akamjibu: Mama, belo ni ndoa,
ukishakata kamba umekubali yote.

Mwezi mzima zilizuia kuku wasiingie jikoni.

Aliyezitambua ni Holo, mshona magunia
kwenye mashine yetu ya mpunga, hapa Nyanguge.
Aliwahi kuziona katika televisheni ya kinyozi,
sauti imezimwa: watu wanashuka mlima mweupe mbio
na hakuna anayewakimbiza.
Theluji hatuna, nikamwambia. Mimi ni karani wa mizani,
kazi yangu kusema kilichopo na kilichopungua.
Akanyoosha shazia lake kuelekea nyuma ya banda,
pumba za misimu mitatu zilikolala
juu kuliko paa, juu kuliko tangi la maji la shule,
rangi ya simba aliyeshiba.

Siku ya kwanza alizama hadi magotini,
akatoka na pumba masikioni, pumba kwenye kope,
akijikuna kama aliyelalia upupu.
Siku ya pili alikata mpira wa ndani wa baiskeli,
akayafunga mabuti ya mvua kwenye mbao
kwa fundo la kufungia ndama.
Ya tatu tulinyunyiza maji, tukashindilia njia
kwa kubingirisha pipa.
Ya nne umeme ukakatika, mashine ikanyamaza,
nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia:

shhhhhhh,

kama mchele ukimiminwa kutoka debe hadi debe,
ila mchele huo ulikuwa mtu.

Nyuma yake ghuba nzima, bati tupu la mchana.
Alishuka amekunja mgongo, mikono ameitanua,
khanga juu ya suruali ya mtumba,
na kwa pumzi tatu (nilizihesabu)
hakuwa na uzito wa kuandikwa kitabuni.

Wapakiaji walisimama na magunia mgongoni,
wakasahau kuyatua.
Bwana Ng'hwani, mwenye mashine, akatoka amefura,
akauliza ni nani anayemlipa mtu ateleze.
Kimya. Kisha, kwa sauti ya chini,
akauliza kama mabuti yale ni namba tisa.

Kiangazi kilileta wachoma tofali.
Huko kwingine, anasema kinyozi, mlima huyeyuka kwa jua.
Wetu uliondoka kwa sepetu, tripu kwa tripu,
nami nikaupima: tani mbili, mbili na nusu, mbili.
Mkono wangu haukutetemeka. Ningependa kusema ulitetemeka.
Usiku, ng'ambo ya barabara, tanuri likawaka
ndani kwa ndani, bila ndimi, jinsi pumba ziwakavyo,
na asubuhi moshi ulikuwa umelala juu ya maji.

Holo amezipaka mbao mafuta ya alizeti,
amezining'iniza darini, mbali na kuku.
Mvua zimechelewa, ila zimekuja.
Jioni hupita kando ya majaruba
akishika masuke kwa vidole viwili, akinong'ona hesabu.
Mwenye shamba hudhani anakadiria magunia.
Mita kumi na mbili, ananiambia. Wakipanda na kule bondeni,
kumi na tano.