Waya wa Ardhi

Ibra, saa tatu usiku, joto bado limekaa uani
kama mgeni aliyekwisha kula na haagi.
Boneti liko wazi. Tochi nimeiuma kwa meno.
Kresida ya marehemu baba, ya mwaka themanini na sita,
haitaki.

Juzi ilikuwa ikiwaka, tena kwa maringo,
ila ilivuja mafuta kwenye mfuniko wa injini,
nami nikasema: gasketi tu, kitu cha riyali nne,
ya nini kumpelekea Sasidharan kule Sanaiya
anitoze ishirini, anipe na chai ya kunipooza?
Nikafungua mwenyewe. Bolti moja moja
nikazitia kwenye bakuli la halwa iliyokwisha,
nikazilinda kama mtoto na senti zake za Idi.
Leo nimezirudisha zote. Bakuli tupu, linang'aa.
Basi kosa liko wapi?

Nazungusha ufunguo: tk.
Taa zinawaka. Honi inalia, jirani anakohoa.
Tena: tk.
Gari linanifyonza.

Zahor, simuni kutoka Suhar, ana majibu saba:
betri, fyuzi, stata, kutu, stata tena,
kisha, "Dada, nani alikutuma?"
"Igonge stata na nyundo, polepole."
Naigonga polepole.
Halafu si polepole.
Naazima betri ya pikapu ya Bwana Nasibu,
naibeba kifuani kama kitoto kizito cha watu.
Tk ile ile. Na harufu.

Harufu ya plastiki inayoanza kuungua.
Nafuata kwa pua, kwa vidole,
mpaka kwenye kebo ya mafuta, ile ya kukanyagia,
ya moto, haishikiki.
Kebo hiyo na umeme wana undugu gani?

Mama amekaa kizingitini anashona kofia,
tundu baada ya tundu, bila kuomba mwanga wangu.
"Yaunguani humo?"
"Umeme, mama. Ukitoka kwenye betri lazima urudi.
Ukikosa njia yake hupita njia za wenyewe,
na huko ndiko unakounguza."
Akakata uzi kwa meno.
"Ndo hivyo," akasema.
Hakuitaja Wete. Wala mimi sikuitaja.

Nyuma kabisa ya injini, mahali pa giza na grisi,
nikaupata: waya wa ardhi, shaba iliyosukwa,
ncha moja imeshikwa na bodi,
nyingine inaning'inia kama msuko uliofumuka,
na kitundu chake kinanitazama, hakina bolti.
Injini yote ile, chuma chote kile,
ilikuwa imekaa garini bila kuguswa na ardhi.

"Mama, hujaona bolti?"
"Bolti ndo nini?"
"Kijichuma kifupi, kichwa kina pembe sita."
Akavuta kopo lake la biskuti, akalipekua:
vifungo, sindano, tondoo, baisa za kale,
hati ya chanjo iliyokunjwa mara nne,
na hiyo hapo.
"Niliifagia jana asubuhi. Nikajua ya cherehani."
Cherehani imeuzwa miaka tisa iliyopita.

Spana namba kumi na mbili. Nakaza mpaka mkono unatetemeka.
Nafuta jasho kwa kiwiko, nasema bismillahi,
nazungusha.
Ikakohoa. Ikashika. Ikazimika.
Ikashika.
Uani kukajaa moshi na kelele, paka akaruka ukuta,
Zahor akawa anauliza simuni, "Nini? Nini?"
na mama, bila kuinua macho, akavuta uzi mwingine.

Asubuhi nikakuta chini yake, sakafuni,
tone moja jeusi, duara, limetulia.
Gasketi, nadhani, niliiweka kichwachini.
Bakuli la halwa sijaliosha.