Kufuli kwenye Kamba

Tukuyu mvua haiombi ruhusa.
Huwahi mazoezini kumshinda Lusajo,
hukaa juu ya bati la ghala la kahawa
na kuanza wimbo wake bila kuhesabu.
Nasi tulikuwa tunaufuata, mbio mbio, kama vifaranga.

Mimi ndiye wa ngoma kubwa.
Watu hudhani ni kazi ya mwenye nguvu.
Ni kazi ya mwenye kukataa.
Tarumbeta ikisema twende, nakataa.
Tromboni ikisema tupumzike kidogo, nakataa.
Puu. Puu.

Miezi mitatu nilikataa peke yangu.
Lusajo anashinda kwenye bodaboda,
akija hupuliza kama ana abiria nyuma:
noti ndefu huikata kati, awahi nyingine.
Tumpale wa matoazi akikosea hucheka,
na akicheka huongeza mwendo.
Ambokile, fundi wa majeneza, huburuta.
Mguse, atakwambia, "Mbao haipigwi randa kwa pupa."
Harusi ya Kiwira tuliianza kwa kutembea,
tukaimaliza kwa kutoroka.
Bibi harusi alikusanya gauni kwa mikono miwili,
akanitazama mimi, si wao.
Jicho lile ninalo hadi leo.

Simu ya Anyelwisye ilikuwa na kidude cha kugonga,
tik, tik, tik.
Kiligonga siku mbili, umeme ukakatika wiki nzima.

Basi nikachukua kufuli la ghala,
nikalifunga kamba ya katani,
nikapanda juu ya magunia, nikalining'iniza kwenye boriti.
Nikalisukuma.
Likaenda Rungwe, likarudi Kyela,
likaenda Rungwe, likarudi Kyela,
halina hasira, halina ushabiki.

Kamba ndefu, mwendo wa maziko.
Kamba fupi, mwendo wa harusi.
Nikapiga mafundo: hapa kipaimara,
hapa kuaga maiti,
hapa mgeni rasmi anaposhuka garini.

"Litazameni linavyochoka," nikawaambia.
Hatua zake zinafupika,
lakini wakati wake haufupiki.
Mnaposhusha sauti, mbona na mwendo mnaushusha?
Nani aliwaambia upole ni uvivu?
Ambokile akakuna kidevu. Hakujibu.
Jioni ile alipuliza kwa sauti ndogo ya mtu anayenong'ona
na hakuchelewa hata mara moja.

Kisha nikawafanyia ukatili.
Katikati ya wimbo nikaweka mikono kwapani.
Mapigo kumi na sita, mimi sipo. Endeleeni.
Niliporudi, Lusajo alikuwa amefika Kyela,
Ambokile yuko Katumba ananunua ndizi,
na Tumpale, kwa kicheko, hajulikani aliko.
Tukarudia. Tukarudia hadi Masika ikatuzoea.

Alipokufa mama yake Ambokile
jeneza alilichonga mwenyewe usiku,
asubuhi akavaa shati jeupe, akachukua tromboni.
Tukamwambia apumzike. Akasema, nitapumzika vipi?
Njia ya makaburini inateremka kati ya migomba,
udongo mwekundu, mvua ya toka alfajiri.
Mteremko unakimbiza hata wazee.
Nami nikateleza.
Goti chini, ngoma juu ya tumbo, kirungu kwenye tope.
Kimya changu hiki sikukipanga.

Nikiwa pale chini nilihesabu, kwa mazoea.
Nne. Saba.
Sikusikia mbio. Nilisikia viatu,
chwa, chwa, vya watu wanane,
na Lusajo, Lusajo huyu huyu,
ameishika noti ndefu haiachii,
anamsubiri Ambokile avute pumzi.
Kumi na nne. Nikainuka.
Nikapiga kwa ngumi, kirungu sikukiona.
Likaangukia palepale mguu wa Ambokile ulipokanyaga.

Kufuli tumelirudisha mlangoni, kahawa imeingia.
Kamba ingali juu na mafundo yake;
katibu anauliza ni ya nini, tunasema ya panya.
Jumamosi tuna harusi Ushirika.
Tumpale bado anacheka.