Jenereta Lenye Adabu

Mimi ni fundi umeme, Buguruni.
Nimepanda nguzo, waya umeshanichoma mara mbili,
najua nyumba inayozima kwa sababu ya Luku
na nyumba inayozima kwa sababu ya panya.
Mama alipoanza kuzima
sikujua tochi niielekeze wapi.

Mara ya kwanza bombani, ndoo ikiwa nusu.
Sekunde chache tu, akaamka anauliza
nani kamwaga maji.
Mara ya pili dukani kwa Mpemba, chenji mkononi.
Watu hawakosi la kusema:
huyu sukari, yule presha,
shangazi Sikudhani akataka twende Kisarawe,
eti kuna kitu cha ukoo kinadai kaniki.
Mama mwenyewe akasema ni uzee tu.
Ukikubali kwamba ni uzee tu
umeshafunga mlango, tena kwa upole.

Muhimbili, namba sitini na tatu, benchi la chuma.
Wakambandika nyaya kifuani, mikononi, miguuni,
mashine ikatema karatasi ya vimistari.
Nesi akamshika kifundo cha mkono, macho kwenye saa ya ukutani,
akahesabu dakika nzima, hakuridhika, akahesabu tena.
Thelathini na nne.

Daktari Nyamizi alimweleza mama, si mimi;
nilimpenda kwa hilo.
"Mama, pampu yako ni nzima.
Ila kuna swichi juu, na kuna njia za kushusha habari chini.
Juu wanasema piga. Chini hawasikii.
Chini wanapiga kwa kukisia."
Mama akacheka: "Kama serikali ya mtaa."
Nami nikaelewa yote kwa mkupuo:
laini imekatika kati ya mita na soketi.

Nikauliza, kila mwenye moyo wa taratibu awekewe?
Hapana, akasema. Yupo kijana anakimbia Koko kila alfajiri,
akipumzika moyo unapiga hamsini, na hiyo ndiyo afya yake.
Wengine wanacheleweshwa na vidonge wanavyomeza,
ukibadili dawa, mwendo unarudi.
"Hatutibu namba. Tunamuuliza mtu:
unazimia? Kichwa kinazunguka? Ngazi tatu tu, pumzi imekata?
Halafu tunaiuliza karatasi kama kweli ni moyo unaomwangusha."

Akanipa kifaa cha mfano nikishike.
Kidogo kuliko kiberiti.
Nikakigeuza kama ninavyogeuza breka za Kariakoo,
natafuta pa kufungulia. Hapakuwepo.
Kinakaa chini ya ngozi, karibu na mtulinga,
waya unapita mshipani mpaka ndani ya moyo,
betri huenda miaka minane, kumi, kisha kinabadilishwa.
"Na hakipigi ovyo," akasema. "Kinasikiliza.
Moyo ukijipigia wenyewe, kinanyamaza.
Ukichelewa, kinaugusa."

Nimefunga majenereta ya Masaki,
yananguruma mtaa mzima ujue nani ana pesa.
Lenye adabu namna hii
sijawahi kuliona.

Sasa mama ana kovu la urefu wa kidole.
Noti bado anaficha kwenye sidiria, lakini simu ameihamisha,
na akiongea anaiweka sikio la upande wa pili.
Kadi ya kifaa ameikunja ndani ya pindo la kanga,
akisafiri atawaonyesha wale wa mashine za ukaguzi.
Umeme ukikatika, mtaa ukiguna,
anajigusa kifuani: "Huku upo."

Jumapili alipita Chambuso, mchomelea mageti.
Mama huwa hasogelei mashine yake, ameshakatazwa,
lakini siku hiyo alikuja mikono mitupu, analalamika kizunguzungu.
"Ni jua," akasema. "Ni moshi wa vyuma."
Mama akaweka ungo wa mchele chini,
akamshika mkono pale pale aliposhikwa yeye,
chini ya kidole gumba.
"Wewe, tazama saa."
Redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo.
Mama alihesabu, midomo ikicheza.
Dakika ikaisha. Hakutaja ngapi.
Akasogeza vidole kidogo, akafumba macho.
"Anza tena."